Msichore mfumo mzima

Nimechoka kufungua ripoti za usalama na kukuta ukurasa mzima umejaa grafu ya vifurushi vya programu iliyosokotana kama nywele ambazo hazijachanwa. Mamia ya nodi (kila moja ni kifurushi), mishale kila upande (kuelekea kinachotegemewa), wala hakuna jina linalosomeka. Msomaji anaondoka na hofu tu, jibu hana. Grafu ya utegemezi ichorwe baada ya swali kuulizwa, na swali lenyewe mara nyingi ni moja: kifurushi hiki kimeingiaje humu?

Kumbukeni mlango wa siri ambao mhandisi Andres Freund aliufichua kwenye programu ya kubana data, xz 5.6.0 na 5.6.1, Machi 2024. OpenSSH, programu ya kuingia kwenye seva kutoka mbali, yenyewe haina haja na liblzma, maktaba ya xz. Ila Debian na mifumo mingine ya Linux walikuwa wameitia kiraka ili sshd, huduma yake ya seva, iiarifu systemd (inayowasha huduma za Linux) kwamba imeshawaka. Kiraka kikaivuta libsystemd, maktaba ya systemd, nayo libsystemd ikaivuta liblzma. Nodi tatu, mishale miwili. Picha hiyo ndogo ndiyo kila msimamizi wa seva aliyoihitaji siku ile, na ndiyo inayozama ukichora kila kitu.

Kwa hiyo shikeni kifurushi mnachokitilia shaka, kisha mrudi nyuma. Kila lugha ya programu ina amri yake: Rust kuna cargo tree -i, JavaScript (npm) kuna npm explain, Python kuna pipdeptree -r -p. Go kuna go mod why, lakini hiyo hutoa njia moja fupi tu. Mkitaka zote, chujeni go mod graph. Kwenye Debian, mkianzia juu kwenye openssh-server, debtree huandika grafu na dot ya Graphviz huigeuza kuwa picha:

debtree --max-depth=2 openssh-server > ssh.dot
dot -Tsvg ssh.dot -o ssh.svg

Kagueni kwanza /etc/debtree/skiplist. Kilichoorodheshwa humo hakichorwi, na mtu anaweza kuapa kwamba kifurushi hakimo kumbe kimefichwa tu. Mkitumia --no-skip kitaonekana.

Haya, nakubali kwamba tred ya Graphviz, inayofuta mishale ya ziada, husafisha mchoro vizuri. Lakini kama A inaitegemea B, B inaitegemea C, na A pia inaitegemea C moja kwa moja, tred hufuta mshale wa A kwenda C. Utaing'oa B ukidhani umeachana na C, kumbe A bado inaivuta. Tena ikikutana na mzunguko, kama ule wa libc6 na libgcc-s1 zinazotegemeana, matokeo yake hayana uhakika. Pitisheni faili kwenye sccmap, zana nyingine ya Graphviz, kwanza, muone mizunguko iko wapi.