Lebo ya bunduki iishie pale picha inapoishia

Si mara moja nimeona mtandaoni picha za askari wa Mjerumani, za kabla ya 1918, zimebandikwa lebo ya Karabiner 98k. Bunduki hiyo iliingia jeshini mwaka 1935. Aliyebandika hakuwa na nia mbaya. Jina hilo ndilo analokutana nalo kwenye michezo ya simu, basi kwake kila Mauser, yaani bunduki ya kiwanda hicho cha Ujerumani, ni hiyo hiyo.

Wapo watakaosema bunduki ni bunduki, ya nini kugombana? Vita vilipoanza Agosti 1914, kombania nyingi za askari hao bado zilikuwa na Mauser ya mwaka 1871, ya risasi moja moja, inayotumia baruti nyeusi. Ukifyatua tu, wingu la moshi linakutangaza kwa adui. Mtu anayechunguza vita vile katika nchi yetu, Tanzania, anazitaka hasa picha zenye bunduki hiyo, tena azione kando na zile za Gewehr 98, Mauser mpya zaidi isiyo na moshi. Picha zipo. Desemba 2008 Hifadhi ya Nyaraka ya Ujerumani, Bundesarchiv, iliipa Wikimedia Commons, hifadhi huria ya picha mtandaoni, zaidi ya picha 80,000, na kati ya za Afrika Mashariki zimo za Walther Dobbertin, mpiga picha aliyefanya kazi huku wakati wa Wajerumani. Lakini ukizitafuta kwa aina ya bunduki, unategemea lebo zilizobandikwa na watu wa kujitolea, kila mmoja na majina yake.

Kwa hiyo naunga mkono wanaotaka majina ya bunduki yasawazishwe kwenye hifadhi za picha. Ninapoachana nao ni pale wanapotaka kila picha iwe na modeli kamili, kana kwamba lebo pana ni ya mvivu. Mimi naona lebo ziwe za ngazi: bunduki, kisha familia, kisha modeli. Mwenye kubandika ashuke hadi pale macho yake yanapomfikisha, asimame hapo.

Chukua AK. Mitaani kila yenye magazini iliyopinda ni AK-47. Ukweli ni kwamba Umoja wa Kisovieti uliipokea AK jeshini 1949, ukaleta AKM 1959, na China ilikuwa imeshaanza nakala yake, Type 56, mwaka 1956. Ukiikuza picha, tazama kilengeo cha mbele. Cha Mrusi kina masikio mawili yaliyo wazi kwa juu. Cha Mchina kwa kawaida kimezungushiwa pete nzima. Bayoneti ikiwa imekunjwa chini ya mtutu, hapo pia unamwelekea Mchina. Mdomo wa mtutu ukiwa umekatwa kimshazari, fikiria AKM. Na bado usishangilie mapema, maana Albania nayo ilinakili ile ya Mchina, pete na bayoneti vyote. Sasa rudi kwenye picha zetu za zamani: bunduki iko begani, kilengeo kimefichwa na kofia ya mwenzake, na picha yenyewe imeskaniwa kutoka gazetini. Hapo andika "familia ya AK" uendelee na nyingine. Bunduki iliyo kwenye bendera ya Msumbiji nayo ningeiacha hapo hapo. Mchoro hauna pete ya kukagua.

Hata jina rasmi halitoshi. China ilitumia "Type 56" kwa silaha tatu tofauti: nakala ya AK, nakala ya SKS, ambayo ni bunduki ya nusu otomatiki, na nakala ya RPD, ambayo ni bunduki ya rashasha. Lebo ya "Type 56" peke yake inachanganya zote tatu kwenye kapu moja.

Halafu kuna yetu. Msomaji wa magazeti ya Tanzania anaifahamu sana "bunduki aina ya SMG", na anajua inayosemwa ni ya ukoo wa AK. Mtaalamu wa Ulaya akiisoma atawaza Sten au Uzi, kwa kuwa kwake SMG (submachine gun) ni bunduki ndogo ya otomatiki inayotumia risasi za bastola. Nimesikia watu wakitaka lebo kama hizo zifutwe kwa kuwa ni makosa ya polisi wa Kiafrika. Wapoe kidogo. Kwa Kichina ile nakala ya AK iliitwa rasmi SMG, na ile ya SKS iliitwa bunduki ya nusu otomatiki, ndiyo hiyo SAR (semi-automatic rifle) ya ripoti zetu za polisi. Jeshi letu limepata silaha na mafunzo kutoka China tangu miaka ya 1960, na sidhani majina hayo yaliokotwa njiani.

Jambo hili lina uzito zaidi kwa picha za wapigania uhuru. FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, walikuwa na kambi Kongwa na Nachingwea, na silaha zao zilitoka kwa Wasovieti na kwa Wachina pia, wakati wakubwa hao wawili hawapikiki chungu kimoja. Pete ya kilengeo kwenye picha ya Nachingwea inaweza kumpa mwanahistoria pa kuanzia. Lebo ya "AK-47" iliyobandikwa kwa mazoea inamfungia mlango huo, na ya "Type 56" iliyobandikwa kwa kubahatisha inamdanganya kabisa.

Gobore nalo lisilazimishwe. Limetengenezwa na fundi kijijini, modeli haina, na mfumo unaokataa kuhifadhi picha mpaka uchague modeli ni mfumo mbovu.

Kiufundi, kazi yenyewe si ngumu. Tangu 2019 Commons inaruhusu picha iunganishwe na kitu chenye namba yake Wikidata, hifadhidata dada ya Commons, na namba moja inabeba majina mengi. Bunduki ya Waingereza ya SMLE Mk III ilibadilishwa jina mwaka 1926 ikaitwa No. 1 Mk III. Kwa namba moja, picha ya 1916 na ya 1940 zinakutana bila mtu kuhukumu jina lipi ni sahihi. "SMG" ya Tanzania ningeiweka vivyo hivyo, iwe jina la kutafutia linaloelekeza kwenye familia ya AK, wala si modeli. Ninachoomba kwa wanaoandaa roboti (programu za kompyuta) za kusafisha lebo ni kwamba roboti iruhusiwe kuunganisha tahajia tu, AK47 na AK-47 na Ak 47. Kuishusha picha kutoka familia hadi modeli aachiwe mtu, na aandike pembeni alichokiona.