Tajiri hana njaa? Mtazameni Njenga Karume

Uchaguzi ukikaribia Kenya, hakosekani wa kusema: mpeni huyu kura, ana zake tayari, hataiba. Hoja hiyo hunikera, na kila nikiisikia humkumbuka marehemu Njenga Karume.

Mzee huyu, aliyezaliwa 1929, alianza na makaa. Kutoka makaa akafika kwenye usambazaji wa bia, mashamba na hoteli, Jacaranda ya Westlands ikiwemo. Shule hakuisoma sana, ila hesabu ya faida aliijua kuliko wengi wenye digrii. Hapo nampa heshima zake zote.

Siasa aliziingia akiwa tajiri. Alikuwa mwenyekiti wa GEMA, umoja wa Wakikuyu, Waembu na Wameru; mwaka 1974 akateuliwa mbunge, na 1979 akachaguliwa mbunge wa jimbo la Kiambaa. GEMA ilikuwa na kampuni yake, na wananchi wa kawaida walinunua hisa humo. Sasa mwenyekiti wa namna hiyo akiketi na mawaziri kuzungumzia ardhi, ameketi kama nani? Mbunge, mfanyabiashara au mzee wa jamii? Na tusimtwike yeye peke yake. Tume ya Ndegwa ya 1971 ilishafungua mlango watumishi wa umma wafanye biashara, kwa hiyo hata anayetoa leseni aliweza kuwa na duka lake.

Mlango huohuo ulimbana pia. Moi alipoingia, vyama vya kikabila vikavunjwa mwaka 1980, GEMA ikaenda navyo. Baadaye usambazaji wa bia ukamponyoka, akaishia mahakamani. Utajiri unaotegemea kibali hauna mwenyewe wa kudumu.

Kibaki alimpa Wizara ya Ulinzi, lakini 2007 Kiambaa wakamwangusha. Wakamchagua nani? Stanley Githunguri, tajiri mwingine mwenye hoteli! Sisi wapiga kura nasi tuna yetu.

Katiba ya 2010, kifungu cha 77, inamkataza afisa wa serikali wa muda wote kufanya kazi nyingine ya kumwingizia kipato. Ni sawa, lakini hisa haziripoti kazini saa mbili asubuhi. Huingiza pesa mwenyewe akiwa amelala, au akiwa kwenye kikao kinachojadili zabuni. Mimi ningetaka orodha ya kampuni za kila mgombea, na zabuni ambazo kampuni hizo zimewahi kupewa na serikali, ibandikwe ukutani pale nje ya kituo cha kupigia kura, tuisome tukiwa kwenye foleni.