Kifo cha Louis Napoléon: Luteni Carey alikuwa na kosa gani hasa?

Tarehe 1 Juni 1879, karibu na mto Ityotyozi katika nchi ya Wazulu, Louis Napoléon, kijana wa miaka 23, aliuawa kwa mikuki katika vita vya Waingereza na Wazulu, akiwa amevaa sare ya jeshi la Uingereza. Alikuwa mtoto pekee wa ndoa wa Napoleon III, kaizari wa Ufaransa aliyeng'olewa mwaka 1870. Aliyebebeshwa lawama ni Luteni Jahleel Carey, aliyekuwa naye kwenye doria akarudi mzima.

Hoja ya waliomshtaki Carey ni nyepesi kueleza. Louis alimaliza chuo cha kijeshi cha Woolwich mwaka 1875 akiwa wa 7 kati ya 34, wa kwanza kwa farasi na kwa upanga, lakini hakupewa cheo: huwezi kumfanya afisa wa Malkia mtu anayedai kiti cha enzi cha Ufaransa. Alifika Afrika Kusini kama mgeni, na barua za Duke wa Cambridge, mkuu wa jeshi la Uingereza, mfukoni. Asiye na cheo hatoi amri. Kwa hiyo mkuu wa doria ni Carey, na mkuu wa doria alikimbia bila kugeuka.

Carey naye alijitetea kwamba alifuatana nao ili ahakikishe ramani yake tu, na kwamba mwenye doria alikuwa Louis. Hapa ana uzito. Aliyeamuru farasi wavuliwe matandiko ni Louis, na aliyetoa amri ya kupanda ni Louis. Kanali Richard Harrison, aliyewaruhusu kutoka, hakuwaambia waziwazi nani anamtii nani. Sasa luteni gani angemkatalia mtoto wa kaizari?

Ila ukitazama doria yenyewe, ugomvi wa vyeo unapungua maana. Wapanda farasi sita Waafrika waliopaswa kuungana nao hawakutokea. Wakaondoka hivyo hivyo, watu tisa pamoja na Mzulu wa kuwaonyesha njia. Yapata saa tisa alasiri waliingia kwenye boma tupu la Wazulu. Mahindi na nyasi ndefu zilikaribia vibanda, na dalili zilionyesha wenyewe hawajaenda mbali. Wakavua matandiko, wakawaachia farasi wapate malisho, wakachemsha kahawa. Hakuna aliyewekwa lindo. Hilo ndilo kosa lililowaua, na si la mmoja: hata sajini mzoefu angeweza kusema neno.

Mwonyesha njia alipomwona Mzulu karibu, ilibidi kwanza farasi wakamatwe, watandikwe, wapange mstari, wasubiri amri. Risasi zikatoka nyasini wakati huohuo wa kupanda. Farasi wa Louis, Percy, alikurupuka. Louis alikuwa hodari wa kurukia farasi anayekimbia. Akashika mfuko wa bastola mbele ya tandiko, akaburutwa, mkanda ukachanika, akaanguka na mkono wa kulia ukakanyagwa. Aliinuka akafyatua bastola kwa mkono wa kushoto. Maiti yake ilikutwa kesho yake ikiwa na majeraha zaidi ya 15, yote upande wa mbele. Askari Rogers na Abel waliuawa pia, pamoja na mwonyesha njia, na hao hutajwa kwa nadra.

Je, Carey angerudi, angemwokoa? Sioni vipi. Walionusurika walikuwa watano, wametawanyika, wakikabili Wazulu wapatao 40 waliojitokeza kuilinda nchi yao. Lakini kusimama ng'ambo ya korongo, kukusanya watu na kuangalia nyuma ni kazi ya afisa hata kama haiokoi mtu, na hapo sina la kumtetea.

Mahakama ya kijeshi ilimtia hatiani. Uamuzi ukatenguliwa London kwa kasoro za utaratibu, naye akarudi kikosini. Alifariki Karachi mwaka 1883. Harrison hakushtakiwa, akapanda hadi kuwa jenerali.