Kisima cha Gesi Hakikaguliwi kwa Macho

Mzee mmoja, mvuvi wa pweza kisiwani Songo Songo, aliniuliza swali nikashindwa kulijibu. Tulikuwa tumekaa kivulini tukisubiri maji yajae ili boti ya Somanga iondoke. Akanyoosha mkono baharini, kwenye kijukwaa cha chuma kilichosimama peke yake.

"Mwanangu, wewe umesoma. Kile chuma nimekikuta pale tangu ujana wangu. Mimi ngalawa nimeshabadili mara tatu, zinaoza. Chenyewe hakiozi?"

Nikamwambia, "Babu, wapo wakaguzi wanaokuja."

"Wanakuja, nawaona. Wanatazama, wanaondoka. Kinachooza kiko chini."

Maneno hayo nimekaa nayo muda mrefu, kwa sababu mzee alikuwa amegusa penyewe. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974. Visima vya mwanzo vilichimbwa miaka ya 1970 na 1980, vikakaa kimya hadi mwaka 2004 gesi ilipoanza kusafirishwa kwa bomba kwenda Dar es Salaam. Maana yake ni kwamba siku taa za Ubungo zinawaka kwa gesi hiyo kwa mara ya kwanza, baadhi ya visima tayari vilikuwa na umri wa mtu mzima. Na chuma chenyewe kiliwahi kusema: visima viwili vya baharini, SS-5 na SS-9, vilisimamishwa kwa sababu ya kutu kwenye mabomba ya uzalishaji, vikafanyiwa ukarabati mkubwa mwaka 2015. Kutu ile iligunduliwa na visima vikafungwa kabla ya madhara. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Ninachouliza ni wangapi kati yetu, tunaotumia umeme wa gesi hiyo kila siku, tuliowahi kusikia habari hiyo.

Kisima cha gesi si shimo tupu. Ni bomba ndani ya bomba. Bomba la nje hushikamanishwa na mwamba kwa saruji. La ndani ndilo linalopandisha gesi. Likiharibika la ndani, la nje ndilo linalobaki kuzuia. Kwa hiyo mdomo wa kisima unaweza kuwa umepakwa rangi, valvu zinang'aa, uzio umefungwa kufuli, na mita 300 chini chuma kimebaki chembamba kama bati la paa kuukuu. Mkaguzi mwenye daftari na kofia ngumu hawezi kuiona kutu hiyo. Lazima kishushwe kipimo ndani ya bomba kisome unene wa chuma, mita kwa mita. Kazi hiyo ni ghali, na mara nyingi husimamisha uzalishaji kwa siku kadhaa. Ndiyo maana hakuna kampuni itakayoifanya mara nyingi inavyopasa kama sheria haikuilazimisha.

Mwenye shaka aangalie kilichotokea California. Tarehe 23 Oktoba 2015, katika ghala la gesi la chini ya ardhi liitwalo Aliso Canyon, karibu na Los Angeles, kisima kimoja kilianza kuvuja. Kwa bahati tu nacho kiliitwa SS, kisima SS-25. Kilichimbwa mwaka 1953 kutafuta mafuta. Miaka ya 1970 kikageuzwa kuwa cha kuingiza na kutoa gesi. Mwaka 1979 valvu ya usalama iliyokuwa chini kisimani iliondolewa, na nyingine haikuwekwa. Zaidi ya hapo, gesi ilipitishwa kwenye bomba la ndani na pia kwenye nafasi iliyo kati yake na bomba la nje, kwa hiyo bomba la nje likawa ndilo kinga ya pekee. Maji ya ardhini yakalila kutoka nje, polepole, miaka nenda miaka rudi, hadi likapasuka.

Walijaribu mara kadhaa kukizima kwa kusukuma tope zito kutoka juu. Wakashindwa. Ikabidi wachimbe kisima kingine pembeni ili wakifikie kile kibovu kwa chini, na hapo ndipo kilipodhibitiwa, tarehe 11 Februari 2016, baada ya siku 111. Karibu tani 100,000 za methani zilikuwa zimeshapanda angani, kiasi ambacho Marekani haikuwahi kukishuhudia katika mvujo mmoja wa gesi. Zaidi ya familia 8,000 zilihamishwa. Watu wa mtaa wa Porter Ranch walilalamika kuumwa vichwa, kichefuchefu, kutokwa damu puani.

Linaloniumiza katika kisa hiki ni sheria. California ina chombo cha serikali cha kusimamia visima chenye umri wa zaidi ya miaka 100. Wakaguzi walikuwepo, fomu zilijazwa. Kila mwaka kampuni ilitakiwa kupima joto ndani ya kisima, kipimo kinachogundua mvujo ambao tayari umeanza. Hakuna kanuni iliyodai kupima unene wa chuma chenyewe. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2019 ulikuta kwamba mabomba ya nje ya visima vya eneo hilo yalishavuja mara kadhaa miaka ya nyuma, yakazibwa, na hakuna aliyefuatilia chanzo. Kila mvujo ulitibiwa peke yake, kama homa inayotulizwa kwa panadol bila kupima malaria. Baada ya janga ndipo kanuni zilipobadilishwa: gesi ipite bomba la ndani tu, kinga ziwe mbili, unene wa chuma upimwe.

Najua Aliso Canyon ni ghala, gesi huingizwa na kutolewa humo kwa mgandamizo mkubwa, na Songo Songo ni visima vya uzalishaji. Tofauti hiyo naikubali. Lakini chuma ni kilekile, na maji ya chumvi ya Kilwa hayana huruma kuliko ya California.

Sisi tumejenga msingi mzuri, na nasema hivyo kwa dhati. Kabla ya mwaka 2015 Shirika la Maendeleo ya Petroli, TPDC, lilikuwa mfanyabiashara wa gesi na wakati huohuo likibeba sehemu ya kazi za usimamizi. Sheria ya Petroli ya mwaka 2015 ikatenganisha: TPDC libaki na biashara, PURA, mamlaka ya udhibiti wa petroli, isimamie mkondo wa juu, yaani utafutaji na uzalishaji, na EWURA, mamlaka ya huduma za nishati na maji, ishike mkondo wa kati na wa chini, yaani usafirishaji na uuzaji. Zanzibar nayo ina mamlaka yake. Wamarekani walijifunza utengano huo kwa msiba. Kisima cha Macondo kilipolipuka katika Ghuba ya Mexico tarehe 20 Aprili 2010 na kuua wafanyakazi 11, ilionekana wazi kwamba ofisi iliyokuwa ikikusanya mapato ya mafuta ndiyo hiyohiyo iliyokuwa ikikagua usalama. Ikavunjwa, kazi zake zikagawanywa kwa ofisi tatu.

Ila kutenganisha ofisi ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni uwazi: nani anaonyeshwa matokeo ya ukaguzi. Mwaka huohuo wa 2015 tulitunga sheria ya uwazi katika rasilimali za madini, mafuta na gesi, na leo mwananchi anaweza kusoma ripoti za kiasi ambacho kampuni zimelipa na serikali imepokea. Fedha tunaziweka hadharani. Hali ya chuma hatuiweki. Nataka matokeo ya kila kipimo cha kila kisima yatangazwe kwa Kiswahili, yabandikwe ofisi ya kijiji Songo Songo na Msimbati, kwenye visima vya gesi vya Mtwara, kabla hayajafika kwenye meza za Dodoma. Na mkaguzi wa PURA awe na uwezo wa kuagiza kipimo kwa mtaalamu aliyemchagua mwenyewe, gharama akatwe mwenye leseni. Akitegemea takwimu anazopewa na yule anayemkagua, atakuwa anakagua karatasi.

Wapo watakaosema hizo ni siri za biashara. Kiasi cha gesi iliyobaki ardhini, sawa, kinaweza kuwa siri ya biashara. Unene wa bomba linalopita chini ya maji anakovua mtu hauwezi.

Tena muda unatubana. Leseni ya Songo Songo ilitolewa Oktoba 2001 kwa miaka 25. Yeyote atakayeendelea na visima hivyo, awe mwekezaji wa zamani, mpya au TPDC lenyewe, anapokea chuma kizee, na siku moja visima hivyo vitatakiwa kuzibwa kwa saruji hadi chini, kimoja baada ya kingine. Sheria yetu inazungumzia mfuko wa kugharamia kazi hiyo. Fedha hizo ziwekwe wakati gesi bado inauzwa, kwa sababu kisima kilichokauka hakimlipi mtu. Pennsylvania walikoanza kuchimba mafuta mwaka 1859, mpaka leo wanatafuta visima msituni ambavyo wenyewe walishafilisika au kufa, na mwaka 2021 serikali kuu ya Marekani ililazimika kutenga dola bilioni 4.7 za walipa kodi kuziba visima vya aina hiyo nchi nzima. Sisi hatuna bilioni hizo za kulipia uzembe.

Nikirudi Songo Songo nataka nimpelekee yule mzee karatasi moja tu, yenye namba ya kile kisima anachokitazama kila asubuhi, mwaka kilipochimbwa, tarehe kilipopimwa mara ya mwisho, na milimita za chuma zilizobaki.