Sikio linapouma usiku: antibayotiki si dawa ya maumivu

Mzazi aliyempeleka mtoto kwa daktari kwa sababu ya sikio, kisha akarudishwa nyumbani na parasetamoli na maelezo ya kusubiri siku mbili au tatu, mara nyingi huondoka akiona hakusikilizwa. Mtoto hajalala, homa ipo, na anachokiona yeye kuwa ndiyo dawa hakupewa. Uchungu wake unaeleweka, na wanaotaka antibayotiki itolewe siku hiyohiyo wana hoja za kweli. Hata hivyo, ushauri wa kusubiri umeeleweka vibaya. Watu wameuchukulia kuwa ni kutofanya lolote, ilhali ukifuatwa inavyotakiwa ni kazi ya usiku kucha, yenye kutazama saa, kupima dawa na kukagua dalili.

Tuanze na chanzo cha maumivu yenyewe. Maambukizi ya sikio la kati kwa kawaida hufuata mafua. Mrija mwembamba unaotoka nyuma ya pua hadi ndani ya sikio huvimba na kuziba, majimaji hukosa pa kutokea, usaha hujikusanya, na kiwambo cha sikio, kile wengi wanachokiita ngoma ya sikio, husukumwa kuelekea nje. Kiwambo hicho kimejaa mishipa ya fahamu, ndiyo maana kikivutwa mtoto hupiga yowe. Mrija wa mtoto mdogo ni mfupi na umelala zaidi kuliko wa mtu mzima, kwa hiyo huziba kwa urahisi. Akilazwa chali uvimbe huongezeka, na usingizini hamezi mate mara kwa mara, tendo ambalo mchana huufungua mrija. Ndiyo sababu mtoto aliyecheza vizuri jioni huamka saa saba ya usiku akilia na kushika sikio.

Sasa, antibayotiki huua bakteria. Hailegezi kiwambo kilichovutika, wala haiondoi majimaji yaliyokwisha kujaa. Uchambuzi wa kitaalamu uliojumlisha majaribio mengi ya watoto ulionyesha kwamba ndani ya saa 24 za mwanzo takriban watoto 60 kati ya 100 huwa wamepona maumivu, wawe wamepewa antibayotiki au dawa bandia, yaani isiyo na kiambato chochote cha kutibu. Yaani katika usiku ule mgumu kuliko yote, chupa ya antibayotiki haileti tofauti. Faida huanza kuonekana siku ya pili na ya tatu, nayo ni ndogo: inabidi kutibiwa watoto 20 ili mmoja wao aepushwe maumivu ambayo yangeendelea. Upande wa pili wa mizani, katika kila watoto 14 wanaopewa, mmoja hupata kuharisha, kutapika au upele ambao asingeupata.

Kuna jaribio jingine linalostahili kufikiriwa kwa makini, lililochapishwa mwaka 1996 huko Ufaransa. Watoto 219 wenye maambukizi ya sikio la kati walipewa antibayotiki wote bila ubaguzi. Kilichotofautiana ni kwamba kundi moja liliongezewa ibuprofeni, la pili parasetamoli, na la tatu dawa bandia. Baada ya saa 48, waliokuwa bado na maumivu katika kundi la dawa bandia walikuwa 25 kati ya 100. Katika kundi la parasetamoli walikuwa 10, na la ibuprofeni 7. Hebu litazame kundi la tatu: watoto hao walikuwa na antibayotiki mwilini kwa siku mbili, na bado robo yao walikuwa wanaumwa, kwa sababu hakuna aliyetibu maumivu. Jaribio hilo si kubwa, lakini linaonyesha waziwazi kosa linalofanyika kila siku. Mzazi anapewa antibayotiki, anatulia moyoni, anaacha dawa ya maumivu akidhani haina kazi tena, na mtoto anaumia bila sababu. Awe anasubiri au awe ameanza antibayotiki, dawa ya maumivu ni ya lazima kwa siku mbili za mwanzo.

Nayo lazima itoshe. Hapa ndipo matibabu ya nyumbani yanapoharibika zaidi. Parasetamoli hupimwa kwa uzito wa mtoto: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa 4 hadi 6, isizidi dozi 4 ndani ya saa 24. Ibuprofeni ni miligramu 5 hadi 10 kwa kila kilo, kila baada ya saa 6 hadi 8, isizidi dozi 3, na mtoto awe amekula kidogo. Chukua mtoto wa kilo 12. Kwa miligramu 15 kwa kilo anahitaji miligramu 180 za parasetamoli. Kama chupa imeandikwa 120 mg/5 ml, hiyo ni mililita 7.5. Kama imeandikwa 250 mg/5 ml, ni mililita 3.6 tu. Ukiyazoea yale mapimo ya chupa ya kwanza ukayatumia kwenye ya pili, umempa zaidi ya mara mbili ya anachostahili. Kinyume chake hutokea kwa mtoto mkubwa: wa kilo 20 akipewa kijiko kimoja cha mililita 5 cha ile dawa hafifu anapata miligramu 6 kwa kilo, kiasi kisichofika hata kiwango cha chini, kisha watu husema parasetamoli haifanyi kazi kwake. Soma lebo, mpime uzito, tumia bomba lenye alama za mililita. Vijiko vya mezani havilingani.

Mambo mengine machache kuhusu dawa hizi. Andika saa ya kila dozi kwenye karatasi, hasa kama walezi ni wawili. Dawa nyingi za mafua tayari zina parasetamoli ndani yake, kwa hiyo usizichanganye. Ibuprofeni asipewe mtoto wa chini ya miezi 6 bila agizo la daktari, wala mtoto anayetapika na kuharisha hadi mwili umekauka maji, kwani figo zake ziko hatarini. Aspirini asipewe mtoto kabisa. Na usingoje alie ndipo utoe: katika usiku wa kwanza, toa kila dozi saa yake ifikapo, kisha uanze kurefusha muda kati ya dozi anapotulia.

Dawa ya kunywa huchukua nusu saa hadi saa nzima kufanya kazi. Pengo hilo ndilo linalozibwa na kitambaa cha uvuguvugu. Chovya kitambaa safi kwenye maji ya moto kiasi, kikamue mpaka kisidondoke hata tone, kijaribu upande wa ndani wa kifundo cha mkono wako, kisha kiweke juu ya sikio na eneo la taya kwa dakika 10 hadi 15. Mbebe mtoto akiwa ameketi wima au ameegemea kifua chako. Mkubwa anaweza kulala kichwa kikiwa kimeinuliwa, lakini mtoto mchanga asiwekewe mto. Mnyonyeshe au mpe maji kidogokidogo, kwa sababu kila akimeza mrija hupata nafasi ya kufunguka. Usimlaze juu ya chupa ya maji ya moto, maana ngozi ya mtoto huungua taratibu bila yeye kuamka.

Kuhusu kumimina vitu sikioni, sina wasiwasi kusema hapana. Mafuta, maji ya kitunguu, maziwa ya mama, yote hayavuki kiwambo, na usaha uko nyuma yake. Ule ujoto wa mafuta unaomfariji mtoto unapatikana kwa kitambaa, bila hatari. Na kiwambo kikiwa kimetoboka, jambo usiloweza kuliona kwa macho, chochote unachomimina kinaingia moja kwa moja kwenye sikio la kati. Punje ya kitunguu saumu huunguza ngozi ya njia ya sikio. Vijiti vya pamba husukuma nta ndani na kuchubua. Kuna matone ya kutia ganzi yanayoweza kusaidia kwa muda mfupi, lakini ni baada ya daktari kuchungulia na kuhakikisha kiwambo ni kizima. Mafuta yana nafasi moja ya haki: mdudu hai akiingia kwenye sikio lisilo na tundu wala usaha, mafuta humwua na kumtuliza mtoto hadi atolewe.

Tofautisha pia sikio la nje. Ukivuta ndewe au ukibonyeza kile kinundu kilicho mbele ya tundu na maumivu yakazidi sana, huenda ni ngozi ya njia ya sikio iliyoambukizwa, mara nyingi baada ya kuogelea au kuchokonoa. Hilo hutibiwa kwa matone ya dawa na kuliweka sikio kavu. Kulisubiri hakuna faida.

Sasa hoja za upande wa pili. Uholanzi, ambako madaktari wa familia wamefuata mwongozo wa kusubiri tangu 1990, ilionekana kuwa na visa 3.8 vya maambukizi ya mfupa wa nyuma ya sikio kwa kila watoto 100,000 kwa mwaka, ilhali nchi kadhaa zinazotoa antibayotiki kwa wingi zilikuwa na kati ya 1.2 na 2. Ni tofauti ndogo kwa idadi, lakini ugonjwa wenyewe ni mzito, na si haki kuuficha. Kuna pia suala la umbali. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa kutibu watoto wagonjwa kwenye vituo vya ngazi ya chini unaagiza amoksilini, ambayo ni antibayotiki, kwa maambukizi ya sikio yasiyozidi wiki mbili, pamoja na parasetamoli. Kusubiri kunadai mtu wa kumwangalia mtoto na njia ya kurudi haraka. Asiyekuwa na hayo mawili, ni busara apewe dawa mapema. Njia ya kati ipo: daktari huandika cheti cha dawa na mzazi hukitumia tu kama hakuna nafuu baada ya saa 48.

Wapo ambao hawasubirishwi kabisa: wa chini ya miezi 6, wa chini ya miaka 2 mwenye maambukizi masikio yote mawili, mwenye homa ya nyuzi 39 au zaidi au maumivu makali, na yule ambaye sikio linatoa usaha. Usaha huo mara nyingi hutoka ghafla na mtoto hutulia papo hapo, kwa sababu kiwambo kimepasuka na shinikizo limeshuka. Kwa kawaida hujifunga chenyewe. Hadi hapo, kausha sikio angalau mara tatu kwa siku: sokota kitambaa laini safi kiwe utambi, uuweke mlangoni mwa tundu, utoe ukilowa, weka mwingine mpaka utoke mkavu. Maji yasiingie, wala pamba isiachwe ndani.

Uvimbe nyuma ya sikio au sikio kusukumwa mbele, uso kulegea upande mmoja, shingo kukakamaa, kizunguzungu, usingizi usio wa kawaida: hizo ni za kwenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku. Maumivu yakivuka siku tatu, rudi. Baada ya kupona, majimaji huweza kubaki sikioni kwa wiki kadhaa na mtoto akawa hasikii vizuri. Hilo halihitaji antibayotiki ya pili, bali kupimwa usikivu kama limepita miezi mitatu. Usaha unaoendelea kwa siku 14 au zaidi ni ugonjwa mwingine, wenye matone yake, na ndio unaoweza kumpunguzia mtoto usikivu kwa kudumu.