Kati ya mstari na beseni

Julai 2018, siku ya kuchagua wenyeviti wa LC, yaani kamati za vijiji, nilikuwa chini ya mwembe karibu na mji wa Busia, upande wa Uganda, nikimwangalia mama yangu akihama. Wagombea wawili walisimama mbele, wakiwa wameachana hatua kama kumi, na wapiga kura wakajipanga nyuma ya yule wanayemtaka. Mama alianza kwa fundi cherehani, kijana tunayempenda sote nyumbani, aliyesimamishwa na upinzani. Yule mwenyekiti wa siku zote, mtu wa NRM, chama tawala cha Rais Museveni, akageuza shingo na kuanza kuutazama mstari wa mwenzake, mtu mmoja baada ya mwingine. Hakusema neno. Mama akaikaza leso kiunoni, akavuka ule uwazi uliokuwa katikati, akaenda kusimama mwisho kabisa wa mstari wa pili huku macho yakiwa chini. Msimamizi akapita akihesabu kwa kugusa mabega.

Jioni tukimenya mihogo nikamwuliza, mama, mbona ulihama? Akanijibu bila kuinua kichwa: "Na fomu ya ndugu yako nani ataigonga muhuri?"

Mdogo wangu alikuwa ametimiza miaka 18 mwaka ule, na fomu ya kitambulisho cha taifa haiendi popote bila muhuri wa mwenyekiti wa kijiji. Ukiuza shamba, unauhitaji muhuri huo. Mtoto akikamatwa na polisi, yeyote anayetaka kumdhamini ataulizwa barua ya mwenyekiti. Na mwenyekiti wetu alikuwa ameketi na muhuri huo tangu 2001, kwa kuwa kwa miaka 17 hakuna uchaguzi wa vijiji uliofanyika nchini.

Nimeianza habari hii kwa mama kwa sababu nimechoka kusikia kwamba watu wetu wanapigia kura vyama bila kufikiri. Wanaosema hivyo ni wasomi wenzangu, wengi wao wakiwa Kampala, na huongeza kwamba mtu wa kijijini anauza kura yake kwa mche wa sabuni na pakiti ya chumvi. Mama yangu alifikiri. Alipiga hesabu ya nani atamfungulia mlango siku ya shida, akaamua. Hesabu hiyo ndiyo ninayoiona kila mahali ninapowasikiliza watu wakisema kwa nini wako chama fulani, na sidhani ni hesabu ya kijinga. Kinachoniuma ni kwamba ndani yake mna woga.

Wazee wetu walikuwa na hesabu nyingine, iliyopitia kanisani. Marehemu baba alikuwa wa chama cha UPC kwa sababu babu alikuwa Mprotestanti, na mjomba alikuwa wa chama cha DP kwa sababu alibatizwa Mkatoliki. Habari iliishia hapo. DP ilianzishwa 1954, na watu wakaibandika jina la Dini ya Papa, kwa Kiswahili hiki hiki chetu. Baba na mjomba walipendana sana, lakini sikuwahi kuwasikia wakibishana juu ya bei ya pamba au ya kahawa kama jambo la kuamua chama. Chama kilirithiwa pamoja na jina la ubatizo. Na kanisa lilikuwa na mlango: padri anakujua, mwinjilisti anakujua, shule ya mtoto iko uani kwao.

Desemba 1980 baba alipiga kura katika ule uchaguzi ambao bado unawagawa wazee. Kila chama kilikuwa na sanduku lake. Museveni alisimama na chama kipya cha UPM, kilichoundwa mwaka ule ule, na nchi nzima kikaambulia kiti kimoja, kule Kasese. Yeye mwenyewe alishindwa katika jimbo lake. Baba alikuwa akisema vijana wa UPM walihutubia vizuri kuliko wote, ila hakuna aliyejua wanalala wapi. UPC na DP walikuwa na miaka ishirini na zaidi ya kujulikana. UPM ilikuwa na miezi.

Watu hao hao, sasa wakijiita NRM, waliingia Kampala kwa bunduki Januari 1986, na jambo la kwanza walilolijenga nchi nzima ni kamati za vijiji, zile RC ambazo baadaye zikawa LC. Watu tisa kila kijiji, wanachaguliwa kwa kupanga mstari. Mimi naamini kwa dhati kwamba hapo ndipo washindi wa chaguzi nyingi zilizofuata walipoamuliwa, miaka kumi kabla ya karatasi yoyote ya kura ya urais kuchapwa. Waliojifunza kwa kiti kimoja walielewa kwamba chama ni yule mtu anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwako. Wengine wote wamekuwa wakituletea hotuba.

Halafu ikaja 1996. Katika kampeni Museveni aliahidi shule ya msingi bure kwa watoto wanne wa kila nyumba, na Januari 1997 milango ikafunguliwa. Mimi niliingia pi wani, darasa la kwanza, siku hizo. Nchi nzima wanafunzi wa msingi waliruka kutoka kama milioni 3 hadi zaidi ya milioni 5 ndani ya mwaka mmoja. Darasa letu lilijaa hadi dirishani, wengine tulisomea chini ya mti, na mwalimu alikuwa akiita majina hadi sauti inakauka. Nyumbani tulikuwa watano. Mama akakaa usiku kucha na dada yake wakipanga, na asubuhi mmoja wetu akaandikishwa kama mtoto wa dada huyo, ambaye alikuwa na watatu tu. Tangu siku ile mama hajampigia mtu mwingine kura ya urais. Anayetaka kumwambia mama yangu kwamba hajui sera aje akae naye, amweleze sera ni nini kama si ile.

Ndiyo maana simlaumu. Lakini mdogo wangu, yule wa fomu ya muhuri, hana kumbukumbu hiyo. Kwake shule ya bure ni kama mvua, ilikuwapo tu. Anachokijua ni pikipiki ya mkopo, marejesho ya kila wiki, na wenzake wawili wenye diploma wanaobeba abiria pamoja naye stejini. Yeye ni wa mwavuli, alama ya chama cha upinzani cha NUP. Alianza kwa nyimbo, sitaficha, alimpenda Kyagulanyi, yaani Bobi Wine, kiongozi wa chama hicho, kama msanii kabla ya kumjua kama mwanasiasa. Wazee wanamcheka kwa hilo. Sioni tofauti kubwa kati ya kijana anayeingia chama kupitia wimbo na babu aliyeingia kupitia zaburi.

Nchi nzima imepita njia hiyo ya nyumbani kwetu. Kaskazini iliendelea kumnyima Museveni kura katika chaguzi za 1996, 2001 na 2006, watu wakiteseka na vita vya waasi wa Kony, ambavyo baadaye viliwapeleka wengi kwenye kambi. Bunduki ziliponyamaza na watu wakarudi mashambani, mwaka 2011 wengi wakampa. Luwero, ambako vita vya msituni vilipiganwa na mafuvu yakabaki kando ya barabara, ilikuwa nguzo ya NRM kwa miaka mingi. Januari 2021 ikampa Kyagulanyi kura nyingi kuliko Museveni, ingawa kitaifa alitangazwa Museveni kwa asilimia 58 dhidi ya 35. Bibi wa Luwero anapiga kura akikumbuka milio ya risasi. Mjukuu wake hajawahi kuisikia, anasikia njaa ya mwisho wa mwezi. Wote wawili wanasema kweli.

Sasa lipo jambo linalonikosesha usingizi. Hapa kwetu ukimwuliza mtu yuko chama gani, anaweza kukujibu: "Mimi ni wa gavumenti." Anamaanisha NRM. Na anaposema hivyo anaona amekujibu sawasawa, kwa kuwa machoni pake hakuna mpaka kati ya chama na serikali. Zile fedha za PDM, mpango wa serikali wa maendeleo ya parishi uliozinduliwa Februari 2022, shilingi milioni 100 kwa kila parishi na milioni moja kwa kila anayefanikiwa kuzipata, zinatoka hazina. Zimetokana na kodi ya sukari na sabuni ninayouza dukani kwangu na petroli anayoweka mdogo wangu. Lakini jirani yangu aliyenunua nguruwe kwa fedha hizo anawaita nguruwe wa Mzee. Anaogopa kwamba akionekana na fulana nyekundu ya NUP jina lake litafutwa. Hakuna aliyemwambia hivyo. Wala hakuna aliyemwambia kwamba haiwezekani, na wenye wajibu wa kumwambia ni wale wale wanaofaidika na ukimya wake. Hilo nalihesabu kuwa dhambi kubwa kuliko mche wa sabuni.

Maana sabuni watu wameshaijulia. Wakati wa kampeni mama hupokea kutoka kwa kila anayekuja, anashukuru, anaombea safari njema, anaweka kabatini. "Kula ni kula, kura ni kura," husema. Ukitaka kujua kama sabuni imenunua kitu, nenda kaangalie beseni.

Kwa msomaji ambaye hajapiga kura Uganda: siku ya uchaguzi mkuu vituo vyetu vingi viko uwanjani, chini ya mti. Unaonyesha kitambulisho, mashine inasoma kidole chako, unapewa karatasi yenye picha za wagombea na alama za vyama, basi la NRM, mwavuli wa NUP, ufunguo wa FDC, jembe la DP. Kisha unatembea peke yako hadi kwenye meza ambayo juu yake kuna beseni la plastiki, kama lile la kufulia nguo. Unaingiza karatasi na mikono yako humo, unainama, unaweka alama. Watu wote wanakuona mgongo na hakuna anayeona karatasi. Nimewahi kumtazama mzee mmoja akiwa ameinama pale kwa muda mrefu sana hadi askari akaanza kusogea. Alipoinuka alikuwa anafuta macho. Sijui aliandika nini.

Na saa kumi jioni kura zinahesabiwa papo hapo. Msimamizi anainua karatasi moja moja, anawaonyesha watu, anasoma jina kwa sauti. Mwaka 2021 nilisimama hadi giza likaingia. Mwavuli uliitwa mara nyingi kuliko idadi ya watu wote wa kituo kile waliowahi kusema hadharani kwamba ni wa mwavuli. Kila ulipoitwa, watu walitazamana kwa pembe ya jicho. Hawa ni wale wale waliokuwa kwenye mstari mrefu wa mwenyekiti chini ya mwembe.

Kwa hiyo mtu mmoja ana maamuzi mawili. La mstarini linaamuliwa na muhuri, na la kwenye beseni linaamuliwa na kile anachokikumbuka na kile anachokikosa. Kuna hata la tatu, la ubunge, ambako wengi hawatazami chama kabisa. Kamyufu za NRM, yaani kura za mchujo ndani ya chama, zikiisha, walioshindwa au walioona wameibiwa wanarudi kama wagombea huru, na watu wanawafuata. Bunge la 2021 lilikuwa na wabunge huru zaidi ya 70, wengi kuliko wa chama chochote cha upinzani. Tunajua nani alikuja msibani, nani alitoa gari mgonjwa alipozidiwa usiku. Mimi mwenyewe nimempigia mbunge huru, na sikuuliza msimamo wake juu ya bajeti hata siku moja. Hilo silioni zuri, kwa sababu bajeti ndiyo inayoamua kama hospitali itakuwa na gari lake la wagonjwa au tutaendelea kumngoja mheshimiwa.

Maneno yangu ya mwisho ni kwa watu wa mwavuli, wa ufunguo, wa jembe, kwa kuwa mdogo wangu na wenzake wanawaamini. Ofisi yenu moja hapa mjini ilipakwa rangi miezi michache kabla ya kura, na baada ya kura tukanunua hapo chakula cha kuku. Mwaka 2018 yule fundi cherehani alisimama peke yake. Hakuna kiongozi yeyote wa wilaya wa chama chake aliyefika kusimama kando ya mstari wake, japo kumtia moyo tu. Aliposhindwa hakuna aliyempigia simu. Amerudi kwenye cherehani yake, na akiulizwa chama anasema siku hizi ameokoka. Muda wa wenyeviti wale wa miaka 5 ulipoisha Julai 2023 ukaongezwa badala ya uchaguzi kuitishwa, na sikumwona mtu wenu yeyote akija kijijini kutuuliza tunaonaje.

Wiki iliyopita mama alikwenda tena kwa mwenyekiti, safari hii kwa barua ya shamba. Alibeba kuku. Nilimwambia barua ni haki yake, asibebe kitu. Akanitazama, akafunga miguu ya kuku kwa kamba ya mgomba, akamtia kikapuni, akaondoka.