Kopo Limeziba, Halijaisha

Jumamosi iliyopita kopo la gundi ya sprei lililipuka kwenye moto wa takataka nyuma ya karakana yetu. Kishindo kilitutoa wote nje, mimi nikiwa bado nimeshika kipande cha sponji. Kopo lilikuwa limeruka hadi kwenye ukuta wa jirani. Mama anayetuuzia chapati alikuwa amemkumbatia mwanawe, hasemi neno. Mtoto hakuguswa, namshukuru Mungu, lakini nilipoona umbali kati ya lile jivu na kigoda alichokuwa amekalia, miguu iliniisha nguvu.

Nikauliza nani kalitupa. Dogo mmoja wa kazini akakiri: "Lilikuwa limeziba, fundi."

Limeziba! Tulilifungua Alhamisi, tukabandikia silingi, kile kitambaa cha ndani ya paa, ya gari moja tu. Gundi zaidi ya nusu ilikuwa bado imo ndani, na gesi yake.

Sitamlaumu yeye peke yake. Tunawafundisha vijana kukata kitambaa, kushona siti, kuvuta silingi isibaki na mkunjo, halafu hatuwaoneshi kopo linafanywaje kazi ikiisha. Tumelizoea kopo la kuziba kama tulivyozoea umeme kukatika. Na kumbe dawa yake ni sekunde chache.

Ukimaliza kupuliza, iwe rangi au gundi, pindua kopo kichwa chini, bonyeza mpaka itoke gesi tupu isiyo na rangi, basi. Ndani ya kopo kuna mrija unaoshuka kutoka kwenye valvu hadi karibu na kitako. Kopo likisimama wima, mdomo wa mrija umezama kwenye rangi, na gesi inaisukuma rangi ipande. Ukilipindua, rangi yote inakimbilia upande wa kichwa, mdomo wa mrija unabaki kwenye gesi. Hapo ukibonyeza inapita gesi peke yake, inafagia mrija, valvu na kichwa chenyewe, kile kitufe cha kubonyeza. Usipofanya hivyo, tone linabaki kwenye tundu lisilofika hata milimita moja, tina iliyomo, yaani kile kiyeyusho cha rangi, inaruka, tone linakuwa jiwe. Kwa joto la Dar es Salaam halisubiri hata kesho.

Gundi ina ukorofi wake wa ziada: nyuzi zake huganda usoni mwa kichwa, gesi haiziondoi. Ukishapindua, futa kichwa kwa kitambaa chenye tina kidogo kabla hujafunika. Na usome maandishi ya kopo, maana machache yametengenezwa kupuliza hata yakiwa yamepinduliwa, hayo hayasafishiki hivi.

Fundi mwenzangu, mtu wa miaka mingi kwenye siti, ananiambia kila siku kwamba kupindua kunamaliza gesi, mwisho rangi inabaki na haina wa kuisukuma. Ana ukweli, sitabisha. Ukipindua baada ya kila kipande, ndivyo itakavyokuwa. Kwa hiyo panga kazi: andaa vipande vyote, pulizia kwa mkupuo mmoja, pindua mara moja mwishoni. Lakini gesi ya sekunde mbili tatu huwezi kuilinganisha na nusu kopo linalokwenda jalalani. Hapo simkubalii kabisa.

Mwaka 1949, Ed Seymour wa Sycamore, kule Illinois, Marekani, alitia rangi kwenye kopo la gesi. Alikuwa anatafuta namna ya kuwaonesha wateja rangi yake ya alumini, na wazo lilitoka kwa mkewe, Bonnie. Huwa nafikiria hilo nikishika kopo. Wazo la mazungumzo ya nyumbani, likatufaa mafundi dunia nzima. Inaniuma kuona linatupwa kwa sababu ya tone moja lililokauka.

Na pini, jamani, acheni. Ukichokonoa tundu kwa pini linapanuka, rangi haitoki tena kama ukungu, inatema matone. Ukiichomeka kwenye valvu ndiyo balaa, inaweza isifunge tena, gesi na gundi vikakumwagikia. Ng'oa kichwa, kiloweke kwenye tina dakika chache, kifute, kirudishe tundu likiwa limeelekea mbali na uso wako. Makopo yaliyokwisha kweli, ng'oeni vichwa vyake, visafisheni, muweke akiba kwenye chupa. Vingi vinaingiliana, ingawa si vyote. Na kabla ya kupuliza, goroli iliyomo ndani ya kopo ikishaanza kugonga endelea kutikisa dakika moja au mbili, kwa sababu rangi isiyochanganyika hupeleka mabonge kwenye tundu.

Ila kinachoninyima usingizi si hasara ya gundi. Gesi inayosukuma mengi ya makopo haya ni propani na butani, ndugu wa gesi ya mtungi tunayopikia. Nani kati yetu angetupa mtungi wa jikoni kwenye moto? Kopo lenyewe limeandikwa lisifikishwe kwenye joto la nyuzi 50, lisitobolewe, lisichomwe hata likiisha. Sasa kopo lililoziba ni baya kuliko lililoisha, maana limejaa na halina pa kutolea. Tukilitupa ovyo, anayekuja kuchoma takataka jioni hajui kilichomo. Anaona kopo tu.

Jumatatu niliwasimamisha vijana wote watatu, kila mmoja akapindua kopo lake mbele yangu mpaka gesi ikatoka safi. Yule dogo alifanya mara mbili bila kuambiwa. Ndoo ya makopo sasa iko ndani, kivulini, na hakuna anayeruhusiwa kuipeleka nyuma.

Mama wa chapati amehamishia jiko lake ng'ambo ya barabara. Nimekwenda kumwomba arudi. Amesema bado kwanza.